Kiungo cha Lehemu: Namna Bodi za Saketi Zinavyoundwa

UTANGULIZI

Mtu afunguapo redio, kikokotozi au simu ya mkononi hukuta ndani yake ubao mwembamba, aghalabu wa rangi ya kijani, uliobeba vijenzi vingi vidogo. Ubao huo ndio bodi ya saketi. Rezista, kapasita, dayodi, transista na chipu zimekaa juu yake, nazo hupashana umeme kwa njia nyembamba za shaba zilizogandamana na ubao wenyewe.

Wanafunzi wengi huvutiwa na chipu, kwa kuwa ndiyo yenye sifa ya kukokotoa na kukumbuka. Hata hivyo, fundi azoeaye kutengeneza vyombo hivyo ajua kwamba chombo kinapozimika, si mara chache kosa liko nje ya chipu, katika tone dogo la metali linaloushika mguu wa kijenzi kwenye shaba. Tone hilo ni kiungo cha lehemu. Kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja: kupitisha umeme, na kukishikilia kijenzi kisibanduke.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna bodi za saketi zinavyoundwa viwandani, kuanzia ubao mtupu hadi bodi iliyokamilika. Msomaji ataona kwamba takriban kila hatua ya kazi hiyo, iwe ni ya kusafisha, ya kuchapa, ya kupasha moto au ya kupoza, imewekwa kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kupata kiungo kilicho kizima.

KABLA YA BODI

Redio za mwanzo hazikuwa na bodi ya saketi. Vijenzi vilifungwa kwenye kiunzi cha chuma, na mafundi wakaunganisha mguu kwa mguu kwa vipande vya waya, wakilehemu kila kiungo kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na redio mbili zilizotoka katika meza moja hazikulingana kabisa. Waya mmoja ukikosewa mahali pake, chombo kizima hakikufanya kazi.

Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907 na kuhamia Uingereza mwaka 1936, alikuwa miongoni mwa waliotafuta njia nyingine. Yeye aliona kwamba nyaya zote za redio zingeweza kuwekwa kwa mara moja, kama vile ukurasa mzima wa gazeti unavyochapwa kwa mara moja. Alichukua karatasi nyembamba ya shaba iliyogundishwa juu ya ubao usiopitisha umeme, akaifunika kwa wino sehemu zilizotakiwa kubaki, kisha akaiondoa kwa kemikali shaba iliyosalia wazi. Mwaka 1943 aliwasilisha maombi ya hataza ya mbinu hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani nayo ilitumia saketi zilizochapwa juu ya kauri katika fyuzi za makombora, kwa sababu fyuzi hizo zilihitajiwa kwa wingi na zilipaswa kustahimili mshtuko mkubwa wa kufyatuliwa.

Kuchapa njia za shaba kuliondoa nyaya, lakini hakukuondoa kazi ya kulehemu. Mwaka 1949 Moe Abramson na Stanislaus Danko, waliokuwa katika kikosi cha mawasiliano cha Jeshi la Marekani, walionyesha kwamba miguu ya vijenzi vyote ingeweza kupenyezwa katika matundu ya bodi, na upande wa chini wa bodi ukachovywa katika lehemu iliyoyeyuka. Viungo vyote vikapatikana kwa mchovyo mmoja. Tangu hapo bodi ya saketi ikawa kitu kinachoweza kuundwa na mashine.

UBAO MTUPU

Bodi nyingi za leo hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzinyuzi za kioo kilicholoweshwa katika gundi ya epoksi, kikashindiliwa kwa joto hadi kikawa kigumu. Unene wa kawaida ni milimita 1.6. Juu yake hugandishwa karatasi ya shaba, ambayo mara nyingi huwa na unene wa mikromita 35, yaani chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Shaba isiyotakiwa huondolewa kwa kemikali. Katika karakana za shule kemikali iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni kloridi ya chuma.

Matundu hutobolewa na kuta zake hupakwa shaba, ili njia za upande wa juu ziungane na za upande wa chini. Bodi za simu na kompyuta huwa na tabaka kadhaa za shaba zilizofichwa ndani ya ubao.

Hatimaye bodi hupakwa rangi maalumu, na hiyo ndiyo ile rangi ya kijani ionekanayo. Wengi hudhani kwamba rangi hiyo ni pambo. Kazi yake hasa ni kuizuia lehemu isishike mahali isipotakiwa. Sehemu ndogo tu za shaba huachwa wazi, mahali ambapo miguu ya vijenzi itakaa. Katika makala haya sehemu hizo zitaitwa mabaka. Mabaka hupakwa bati, au dhahabu nyembamba mno juu ya nikeli, kwa sababu shaba iliyo wazi huoza upesi hewani, na shaba iliyooza haishikani na lehemu.

LEHEMU HUSHIKAJE?

Lehemu ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iyeyukayo kwa joto dogo kuliko metali inazoziunga. Kwa miaka mingi lehemu ya elektroniki ilikuwa ya bati na risasi. Jedwali lifuatalo laonyesha jambo la kustaajabisha kuhusu mchanganyiko huo.

Metali na halijoto ya kuyeyuka, kwa nyuzi za Sentigredi:
Shaba: 1085
Risasi: 327
Bati: 232
Aloi ya bati 63 na risasi 37 katika kila 100: 183
Aloi ya bati 96.5, fedha 3 na shaba 0.5 katika kila 100: 217 hadi 220

Bati peke yake huyeyuka kwa nyuzi 232, na risasi kwa nyuzi 327. Lakini zikichanganywa kwa uwiano wa 63 kwa 37, huyeyuka kwa nyuzi 183, chini ya zote mbili. Aloi yenye uwiano huo huitwa ya kiyutektiki. Ina sifa nyingine pia: haipiti katika hali ya uji. Ikifika nyuzi 183 hugeuka kutoka yabisi kuwa kimiminika, na ikishuka chini ya hapo huganda mara moja. Sifa hiyo ni ya thamani, kwa kuwa kijenzi kikitikisika wakati lehemu ingali uji, kiungo hupata nyufa.

Yafaa kuelewa kwamba lehemu haishiki kama gundi. Bati iliyoyeyuka inapogusa shaba safi, chembe za bati huungana na chembe za shaba na kufanya tabaka jipya, jembamba la mikromita chache, ambalo si bati wala si shaba. Chembe sita za shaba huungana na tano za bati. Tabaka hilo ndilo kiungo halisi. Lisipotokea, lehemu imekaa tu juu ya shaba kama tone la maji juu ya jani la mgomba, na siku moja itabanduka. Likinenepa kupita kiasi, kwa sababu joto lilizidi au lilidumu mno, kiungo huwa chepesi kuvunjika kwa kuwa tabaka hilo ni gumu lakini halipindiki. Kwa hiyo joto dogo ni hasara, na joto kubwa ni hasara vilevile.

Kizuizi kikubwa cha kiungo ni oksidi. Shaba na bati zikikaa hewani hujifunika ngozi ya oksidi, na lehemu haiwezi kuipenya. Ndiyo sababu hutumiwa fluksi, yaani dawa inayoyeyusha oksidi na kuzuia nyingine isitokee wakati wa joto. Fluksi ya zamani, ambayo ingali ikitumika, hutokana na ulimbo wa msonobari. Baridi haina nguvu. Ikipata moto huwa asidi hafifu na kusafisha metali. Fundi aonapo moshi ukipaa kutoka kwenye lehemu, moshi huo hutokana na fluksi na si metali.

VIJENZI VYENYE MIGUU MIREFU

Ziko njia mbili za kukiweka kijenzi kwenye bodi. Katika njia ya kwanza miguu ya kijenzi hupenyezwa katika matundu na kulehemiwa upande wa pili. Njia hii ingali ikitumika kwa vijenzi vizito au vivutwavyo mara kwa mara, kama vile transfoma, swichi na soketi za nyaya, kwa sababu mguu uliopenya ubao hushika kwa nguvu zaidi.

Mchovyo wa akina Abramson ulikuwa na dosari: juu ya lehemu iliyotulia hukusanyika uchafu wa oksidi, na bodi inapoteremshwa uchafu huo hunaswa chini yake. Katika miaka ya 1950 ilipatikana mbinu bora. Pampu iliyozama ndani ya birika la lehemu huisukuma lehemu ipande kama wimbi, na bodi hupitishwa juu ya wimbi hilo kwa ukanda, upande wa chini ukigusa kilele chake. Lehemu safi hutoka chini daima, nao uchafu huteremkia kando.

Bodi hupita katika hatua tatu. Kwanza hunyunyiziwa fluksi kwa chini. Pili hupashwa moto polepole hadi ifikie nyuzi 100 au zaidi, ili maji na kileo kilichomo katika fluksi vikauke na bodi isishtuliwe na joto la ghafla. Tatu hupita juu ya wimbi lenye nyuzi 250 hadi 260, na kila kiungo huguswa kwa sekunde 2 hadi 4 tu. Lehemu hupanda ndani ya tundu lenye kuta za shaba, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Ikifika upande wa juu, kiungo ni kizuri. Ikiishia nusu ya tundu, ni dalili kwamba joto halikutosha au mguu ulikuwa mchafu.

VIJENZI VYA KUKAA USONI

Kuanzia miaka ya 1980 njia ya pili ilienea kwa kasi. Vijenzi vilitengenezwa bila miguu mirefu, vikakaa juu ya uso wa bodi na kulehemiwa papo hapo kwenye mabaka. Faida yake ni kwamba havihitaji matundu, na bodi yaweza kubeba vijenzi pande zote mbili. Rezista ya namna hiyo yaweza kuwa na urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, ndogo kuliko punje ya ulezi. Hapana mkono wa fundi uwezao kuviweka vijenzi kama hivyo kwa maelfu kila saa. Kazi hiyo hufanywa na mashine kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuchapa rojo. Lehemu husagwa kuwa chembe za mviringo, mara nyingi zenye kipenyo cha mikromita 25 hadi 45, kisha huchanganywa na fluksi hata kuwa rojo nzito ya kijivu. Rojo hiyo hupakwa kwa stensili. Walimu waliowahi kuchapa mitihani kwa mashine ya stensili wataielewa kazi hii bila shida. Tofauti ni kwamba stensili ya bodi ni bamba la chuma lenye unene wa milimita 0.10 hadi 0.15, lililotobolewa tundu mbele ya kila baka. Bamba hulazwa juu ya bodi, ubapa hukokota rojo juu yake, na bamba linapoinuliwa kila baka hubaki na kiasi chake.

Kiasi hicho ni jambo kubwa. Kwa uzito, karibu sehemu 90 katika 100 za rojo ni metali. Lakini kwa ujazo metali ni karibu nusu tu, kwa kuwa fluksi ni nyepesi. Kwa hiyo rojo ikiyeyuka, lehemu inayobaki ni takriban nusu ya kile kilichochapwa. Ikichapwa kidogo, kiungo huwa dhaifu. Ikichapwa nyingi, lehemu humwagika na kuunganisha mabaka mawili yasiyopaswa kukutana.

Hatua ya pili ni kuweka vijenzi. Vijenzi huja vimepangwa katika mikanda iliyokunjwa kama reli ya filamu. Mashine yenye midomo midogo ya kufyonza hewa huchukua kijenzi, hukitazama kwa kamera ili kujua kimeelekea wapi, hukigeuza ikibidi, kisha hukilaza juu ya rojo. Unato wa rojo hukishikilia kwa muda.

Hatua ya tatu ni tanuri. Bodi hupita juu ya ukanda katika tanuri refu lililogawanywa vyumba vyenye halijoto mbalimbali. Kwa lehemu isiyo na risasi, mwendo wa joto huwa takriban kama ifuatavyo. Kwanza halijoto hupanda kwa nyuzi 1 hadi 3 kila sekunde, ili kauri za kapasita zisipasuke. Kisha bodi hukaa kati ya nyuzi 150 na 200 kwa dakika moja hadi mbili. Hapo fluksi huanza kusafisha, na vijenzi vikubwa vilivyochelewa kupata moto huvifikia vidogo. Baadaye halijoto hupandishwa kupita nyuzi 217, lehemu huyeyuka, na kilele hufikia nyuzi 235 hadi 250. Lehemu huachwa katika hali ya kimiminika kwa muda wa dakika moja hivi. Hatimaye bodi hupozwa kwa kasi ya kadiri.

Ndani ya dakika hiyo moja hutokea jambo ambalo mwanafunzi wa fizikia atalifurahia. Lehemu iliyoyeyuka ina mvutano wa uso, kama maji yaliyo nao, na mvutano huo hujitahidi kupunguza eneo la uso. Kijenzi kilichowekwa kombo kidogo huvutwa na lehemu ya pande zote mpaka kikae sawasawa katikati ya mabaka yake. Mashine ikikosea kwa sehemu ndogo ya milimita, maumbile hurekebisha kosa lake. Kwa nguvu hiyo hiyo, bodi yaweza kupinduliwa na kurudishwa tanurini kwa ajili ya upande wa pili, na vijenzi vyepesi vya upande wa kwanza visidondoke ijapokuwa lehemu yake imeyeyuka tena. Vile vizito hutiwa gundi.

Hatua ya nne ni kulehemu vijenzi vyenye miguu mirefu, kwa wimbi au kwa mkono. Mpangilio huu una sababu. Vijenzi vingi vya plastiki vyenye miguu mirefu haviwezi kustahimili tanuri, na kwa hiyo huwekwa mwisho.

ADUI WAWILI WASIOONEKANA

Kabla ya kazi kuanza, kiwanda hujikinga na maadui wawili. Wa kwanza ni umeme tuli. Mtu akitembea juu ya sakafu kavu aweza kujilimbikizia volti elfu kadhaa bila kuhisi lolote, na chipu huweza kuharibiwa na kiasi kidogo kuliko hicho. Kwa ajili hiyo wafanyakazi huvaa bangili iliyoungwa na ardhi kwa waya wenye rezista ya oumu milioni 1. Rezista hiyo huuacha umeme tuli upite polepole, na wakati huo huo humkinga mfanyakazi iwapo atagusa waya wenye umeme wa njia kuu.

Wa pili ni unyevu. Plastiki inayofunika chipu hunyonya unyevu wa hewa. Chipu iliyonyonya unyevu ikitiwa tanurini, maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa ghafla na kuipasua kwa ndani, kama bisi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika miji ya pwani yenye hewa nzito, kama Mombasa, Tanga au Unguja. Chipu za namna hiyo huhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na zikikaa wazi kupita muda uliowekwa hukaushwa kwanza kwa joto la wastani.

HESABU YA VIUNGO

Kwa nini yote haya yafanywe kwa uangalifu kiasi hiki? Jibu limo katika hesabu ndogo. Tuseme bodi ina viungo 500, na kila kimoja hakina budi kuwa kizima ili chombo kifanye kazi. Tuseme pia kwamba katika kila viungo 1,000 kimoja tu ni kibovu. Mtu aweza kudhani kwamba hiyo ni kazi nzuri. Lakini uwezekano wa viungo vyote 500 kuwa vizima ni 0.999 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 500, yaani karibu 0.61. Maana yake ni kwamba katika kila bodi 100, bodi 39 zitakuwa mbovu.

Ubovu ukipunguzwa hadi kiungo 1 katika 10,000, bodi nzima zitakuwa 95 katika 100. Ukipunguzwa hadi 1 katika 100,000, zitakuwa zaidi ya 99. Hivyo kazi ambayo ingemletea mwanafunzi alama 99.9 katika mtihani, kiwandani humletea mwenye mali hasara. Kadiri vijenzi vinavyoongezeka, ndivyo kila kiungo kinavyopaswa kuwa bora zaidi.

VIUNGO VIBOVU NA UKAGUZI

Viungo vibovu vina sura zake, na mafundi wameviainisha kwa majina. Kiungo baridi ni kile ambacho lehemu yake ilifika mahali pake, lakini shaba haikupata joto la kutosha. Lehemu hukaa kama donge na haitandazi. Daraja ni lehemu iliyoziunga njia mbili zisizopaswa kuungana. Jiwe la kaburi ni kijenzi kidogo kilichosimama wima kwa mwisho mmoja. Hilo hutokea lehemu ya upande mmoja inapoyeyuka kabla ya nyingine, na ule mvutano wa uso ukakiinua kijenzi. Nguvu iliyosifiwa hapo juu kwa kurekebisha makosa ndiyo hiyo hiyo inayoleta kosa hili, joto lisipolingana.

Kiungo kibovu zaidi ni kile kinachopitisha umeme siku ya ukaguzi na kukatika miezi baadaye. Chombo kikiwaka hupata joto, kikizimwa hupoa, na vitu haviongezeki kwa kiwango kimoja. Kwa kila nyuzi 1, ubao wa bodi hupanuka takriban sehemu 16 katika milioni, ilhali kauri hupanuka sehemu 6 hivi. Kijenzi cha kauri chenye urefu wa milimita 20 kikipata ongezeko la nyuzi 40, tofauti kati yake na ubao huwa mikromita 8. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini hurudiwa kila siku, na inayoibeba ni lehemu. Kiungo kizima huvumilia kwa miaka. Chenye ufa huachia.

Kwa hiyo ukaguzi hufanywa kwa njia mbalimbali. Kamera hulinganisha kila bodi na picha ya bodi nzima. Sindano zenye springi huguswa kwenye njia za shaba ili kupima kama umeme unapita panapotakiwa tu. Chipu ambazo viungo vyake ni vidonge vya lehemu vilivyofichwa chini ya tumbo lake hupigwa picha ya eksirei. Mwishowe bodi huwashwa na kujaribiwa kwa kazi iliyokusudiwa.

KUACHWA KWA RISASI

Risasi ni sumu. Huathiri ubongo, hasa wa watoto, na hukaa mwilini kwa muda mrefu. Vyombo vibovu vinapotupwa jalalani au kuchomwa moto, risasi iliyomo hufikia udongo, maji na hewa. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliweka sheria iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2006, ikizuia risasi katika vyombo vingi vya umeme na elektroniki. Viwanda vya dunia nzima vililazimika kubadilika, kwa kuwa vilitaka kuuza Ulaya.

Mbadala uliotumika zaidi ni aloi ya bati, fedha na shaba. Aloi hiyo huyeyuka nyuzi 34 juu ya ile ya zamani, na kwa hiyo tanuri, plastiki za vijenzi na ubao wenyewe ilibidi zistahimili joto kubwa zaidi. Aidha, bati isiyo na risasi huweza kuotesha nywele nyembamba za metali ambazo hurefuka polepole na kuunganisha njia mbili za umeme. Risasi kidogo huzizuia nywele hizo. Hivyo afya ya watu ililindwa, lakini wahandisi walipewa mafumbo mapya ya kufumbua.

Bati ndiyo iliyobaki kuwa nguzo ya lehemu. Karibu nusu ya bati yote itumiwayo duniani huishia katika lehemu. Sehemu ya madini hayo hutoka katika nchi za Maziwa Makuu: Kyerwa mkoani Kagera nchini Tanzania, Rutongo nchini Rwanda, na Bisie katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki atazamapo kiungo cha lehemu ndani ya simu, yamkini anatazama jiwe lililotoka nchi jirani, likazunguka dunia na kumrudia.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha kazi ya usafi wa metali kwa vifaa vichache. Vichukuliwe vipande viwili vya waya mnene wa shaba. Kimoja kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae. Cha pili kichomwe katika moto mpaka kiwe cheusi, kisha kiachwe kipoe. Vyote viwili vipashwe kwa chuma cha kulehemu, na waya wa lehemu wenye fluksi ya ulimbo uguswe kwenye shaba yenyewe, si kwenye chuma cha kulehemu. Katika kipande safi lehemu itatandaa. Katika kile cheusi itajikunja kuwa tone na kudondoka. Wanafunzi wachore umbo la lehemu katika kila kipande na kueleza sababu.

Tahadhari: jaribio lifanywe mahali penye hewa ya kutosha, moshi wa fluksi usivutwe, macho yakingwe, na kila mmoja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa ikiwa lehemu ina risasi.

MASWALI

1. Eleza kwa nini fundi stadi huipasha moto shaba na mguu wa kijenzi kwanza, badala ya kuiyeyusha lehemu juu ya chuma cha kulehemu na kuidondosha kwenye kiungo.

2. Tundu la stensili lina urefu wa milimita 1 na upana wa milimita 1, na unene wa stensili ni milimita 0.12. Kokotoa ujazo wa rojo itakayochapwa, na ujazo wa lehemu itakayobaki baada ya kuyeyuka.

3. Bodi ina viungo 2,000, na katika kila viungo 10,000 kimoja ni kibovu. Katika bodi 100, takriban ngapi zitakuwa nzima?

4. Taja sababu mbili zinazofanya joto lililopita kiasi liwe na madhara kwa bodi, na sababu moja inayofanya joto dogo liwe na madhara.

5. Mvutano wa uso wa lehemu iliyoyeyuka ni msaada na ni hatari pia. Jadili.